Uhandisi Usomewe Wapi? Uliza Kozi Kabla ya Kuuliza Chuo

Maandishi ya mazungumzo kwa vijana waliofanya mtihani wa KCSE na wazazi wao



Kila mwaka matokeo yakishatoka, swali hili hurudi katika boma nyingi za Meru na kwa majirani wa Embu. Kijana anataka kuwa mhandisi, alama anazo, sasa aende chuo gani? Baba atasema Nairobi, kwa sababu Nairobi ni Nairobi. Mama atasema Nchiru, kwa sababu mtoto ataweza kurudi nyumbani wikendi akale chakula cha maana. Mjomba aliyesoma Juja atasema Juja, na hataki kusikia kingine. Hakuna anayestahili kuchekwa hapo, maana kila mmoja anamtakia mtoto mema. Ila wote watatu wamerukia swali la pili kabla ya kujibu la kwanza.

Swali la kwanza linahusu kozi, si chuo. Kozi ile yenyewe, kwa jina na nambari yake kama ilivyo kwenye tovuti ya KUCCPS, mwanafunzi akiimaliza atakubaliwa kusajiliwa kuwa mhandisi? Jibu likiwa ndiyo, basi mjadala wa Nairobi, Juja, Nyeri au Nchiru unaweza kuanza. Jibu likiwa hapana, au likiwa "tutaona mbele ya safari", familia inapaswa kujua hivyo kabla ya kuuza ng'ombe.

Nchini Kenya, shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mbele ya sheria. Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, inayojulikana zaidi kama EBK, na kuipa kazi ya kusajili wahandisi wote. Aliyehitimu anaanza kwa kusajiliwa kama mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu, hujiunga na Taasisi ya Wahandisi ya Kenya, hupimwa, na akifaulu ndipo huitwa mhandisi mtaalamu, ndipo herufi "Eng." hukaa mbele ya jina lake. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa la jinai. Si jambo la mapambo. Tazameni matangazo ya kazi ya serikali za kaunti na ya mashirika ya barabara na maji. Penye nafasi ya mhandisi, sharti la usajili wa EBK halikosi. Kijana mwenye shahada nzuri lakini asiyeweza kusajiliwa ataishia kusoma tangazo hilo na kulikunja.

Sababu ya ukali huo haihitaji kutafutwa mbali. Kila anayesafiri kati ya Embu na Meru anaijua daraja la Nithi, pale gari linapoteremka na abiria wakaacha kuongea. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki. Si ajali ya kwanza kutokea mahali pale, na umbo la barabara na la daraja lenyewe limelalamikiwa kwa miaka mingi. Mteremko, kona na upana wa daraja ni mambo ambayo mtu fulani hukaa chini akayapima na kuyachora kwenye karatasi. Jamii inataka kujua mtu huyo ni nani, alisomea wapi, na nani alimpima kabla ya kumpa kalamu. Bodi ipo kwa ajili hiyo.

Sasa, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: bodi huangalia kozi moja moja. Haikitazami chuo kizima na kukipa baraka mara moja. Inawezekana kabisa, ndani ya chuo kimoja chenye jina kubwa, uhandisi wa ujenzi uwe unatambuliwa na kozi nyingine iliyoanzishwa juzi iwe haijafikiwa. Idhini yenyewe hutolewa kwa muda maalumu, halafu bodi hurudi kukagua tena. Kwa hiyo kusema "chuo hiki ni cha serikali, hakiwezi kuwa na kasoro" si jibu. Wala "mtoto wa jirani alimaliza pale akasajiliwa" si jibu, kama mtoto wa jirani alisomea umeme na wako anataka mekatroniki. EBK huweka kwenye tovuti yake orodha ya kozi inazozitambua. Kuisoma ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Jina la kozi kwenye orodha hiyo lazima lilingane neno kwa neno na jina la kozi kwenye tovuti ya KUCCPS.

Kuna historia nyuma ya tahadhari hii. Zamani, kabla ya sheria ya 2011, iliyokuwapo ni bodi ya usajili ya awali. Bodi hiyo ilikataa kusajili baadhi ya wahitimu wa uhandisi kwa hoja kwamba haikuwa imezitambua kozi zao. Wahitimu 107 walikwenda kortini. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2018 ilisema kwamba bodi ile ya zamani haikuwa na mamlaka ya kuidhinisha kozi za vyuo vikuu. Walishinda hoja, lakini ujana hausubiri tarehe ya kusikizwa kwa kesi.

Na mvutano wenyewe haukuishia hapo. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliyofanywa 2016 yaliipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nguvu ya pekee ya kuidhinisha kozi, ilhali Sheria ya Wahandisi nayo inaitaja EBK katika kazi hiyo hiyo. Wanasheria wataendelea kulumbana. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa ni mwanafunzi wa mwaka wa nne. Mzazi hana haja ya kuamua nani kati ya tembo hao yuko sawa. Ampeleke mtoto kwenye kozi ambayo tume imeiidhinisha na bodi pia inaitambua. Basi.

Herufi zilizo mbele ya jina la kozi nazo zina maana. Kwenye orodha ya KUCCPS utakuta kozi mbili zinazofanana kama mapacha, moja ikianza na BSc au BEng, nyingine ikianza na BTech. Ya kwanza ni shahada ya uhandisi, na kwa kawaida huchukua miaka mitano. Ya pili ni shahada ya teknolojia, mara nyingi miaka minne. Mhitimu wa BTech ana bodi yake, iliyoundwa kwa Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016, inayosajili wanateknolojia, mafundi wa ngazi ya diploma na mafundi stadi. Ni kazi ya heshima na viwanda vinaihitaji sana. Wapo watu wanaoipenda kuliko uhandisi wenyewe kwa kuwa wako karibu zaidi na mashine kuliko na karatasi. Tatizo huja pale kijana alipoingia BTech akidhani ni njia ya mkato ya mwaka mmoja kuelekea "Eng." Njia hiyo si ya mkato. Inaelekea kwingine, na ni afadhali aichague akiwa macho.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye vyuo.

Wakazi wa eneo hili wana bahati ambayo kizazi kilichotangulia hakikuwa nayo. Kwa miaka mingi, kusomea uhandisi kulimaanisha Nairobi, ambako Royal Technical College ilifungua milango 1956 na baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kisha Juja ikaja mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na hiyo ndiyo Jomo Kenyatta ya leo. Upande wa pili wa mlima, Nyeri, chuo cha ufundi kilichoanza 1972 kwa harambee kilikua hadi kikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kikapata hati yake Desemba 2012. Na hapa Meru, juu ya ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke huko Nchiru, kulikuwa na chuo cha teknolojia ambacho 2008 kikawa tawi la Jomo Kenyatta, na 2013 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati 2016, baada ya kulelewa na Nairobi, kwenye uwanja uliokuwa chuo cha maafisa wa kilimo.

Asili hizi zinasaidia kuelewa nguvu ya kila mahali. Penye miaka 60 ya kufundisha uhandisi pana wahitimu wengi waliotapakaa ofisini, na mtandao huo humsaidia kijana anapotafuta nafasi ya mafunzo kazini. Penye chuo kichanga huenda kuna darasa dogo, mwalimu anayemjua mwanafunzi kwa jina, na mashine ambazo hazijachakaa. Lakini pia huenda kozi ingali mpya machoni pa bodi. Umri wa chuo, kwa hiyo, ni jambo la kuuliza zaidi, si la kukata shauri. Na jina la mji lililoandikwa kwenye lango halifundishi mtu hesabu za mhimili.

Kuna kipimo kingine kinachopotosha, nacho ni alama za mwisho za mwaka uliopita. KUCCPS huzionyesha kando ya kila kozi, zikihesabiwa kati ya 48. Watu huzisoma kama cheo: chuo chenye 44 ni bora kuliko chenye 36. Sivyo. Nambari hiyo ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita. Inaonyesha ni wangapi waliipigania kozi ile na nafasi zilikuwa ngapi. Vijana wengi wakikimbilia mji mkubwa, nambari ya huko hupanda, hata kama maabara ya chuo cha mlimani ni bora. Nambari hiyo imfae mwombaji kukadiria bahati yake, asiitumie kupima ubora. Na ikumbukwe kwamba uhandisi hutazama hisabati, fizikia na kemia. Mwenye wastani mzuri uliobebwa na historia na dini, huku fizikia ikiwa imelegea, atashangaa mfumo unapomkataa.

Tuje kwenye pesa, maana huko ndiko ndoto nyingi hukwama. Chukulia msichana wa Siakago, wa mfano tu, ambaye mama yake anauza muguka. Pesa ya muguka huingia kidogo kidogo kila siku. Karo ya chuo haiji hivyo. Hutakiwa kwa mkupuo mwanzoni mwa muhula, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mitano. Ni mihula kumi. Msichana ana nafasi ya kuomba uhandisi wa ujenzi Nairobi na pia katika chuo kilicho karibu zaidi. Familia hukaa chini na kulinganisha karo kwa karo, ikakuta hazitofautiani sana, ikachagua Nairobi. Haikulinganisha kodi ya chumba hosteli za chuo zikijaa. Haikuhesabu nauli ya matatu ya kila siku kutoka chumba hicho hadi darasani, wala chakula cha mjini, wala kikokotoo, vifaa vya kuchorea na tarakilishi yenye nguvu ya kuendesha programu za michoro. Haikuhesabu mwezi ambao muguka umekosa soko. Hesabu hiyo ifanywe kwenye karatasi, safu mbili, chuo hiki na chuo kile, kwa miaka mitano yote. Ifanywe pia kwa mwaka wa sita, kwa sababu migomo na kucheleweshwa kwa matokeo hutokea, na kozi ya miaka mitano inaweza kurefuka.

Baada ya hesabu hiyo, huenda Nairobi ikashinda bado, hasa kama kuna shangazi Githurai mwenye kitanda cha ziada. Au huenda akaonekana anafaa zaidi kubaki upande huu wa Thika. Jibu la familia moja si la nyingine.

Kuhusu ufadhili wa serikali ya kitaifa: tangu 2023 mfumo ulibadilika, kukawa na fungu la ufadhili, fungu la mkopo wa HELB na fungu la familia, kulingana na hali ya kila nyumba. Mfumo huo umepingwa kortini na viwango vimerekebishwa zaidi ya mara moja. Kwa sababu hiyo mzazi asitegemee kiasi alichosikia kwa mzazi wa mwaka jana. Barua ya mwaka huu ndiyo yenye neno. Mkopo ni deni. Utalipwa na kijana mwenyewe. Na iwe wazi kwamba elimu ya vyuo vikuu, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, iko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti ina shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hakuna afisa wa kaunti anayeweza kumpangia mtu nafasi ya uhandisi, na yeyote anayeomba "kitu kidogo" ili aisukume fomu ni mwizi.

Kama nauli inapatikana, chuo kitembelewe. Nchiru ni kama kilomita 15 kutoka mjini Meru kwa barabara ya Maua; kwa wengi ni safari ya asubuhi moja. Wageni wakifika, wasitosheke na jengo la utawala na bustani. Waombe kuona karakana. Kwa uhandisi wa ujenzi, waulize ilipo mashine ya kuvunja vipande vya zege ili kupima nguvu yake, na vyombo vya kupimia ardhi. Kwa mitambo, waulize mashine za kukereza chuma ni ngapi na wanafunzi wangapi hushika moja kwa wakati mmoja. Mashine yenye mafuta mikononi na vumbi la chuma sakafuni inafanya kazi. Mashine iliyofunikwa turubai safi ilinunuliwa kwa ajili ya wageni. Waulize wahadhiri wangapi wa kozi hiyo wamesajiliwa na bodi, na wanafunzi wa mwaka wa nne walipelekwa wapi kwa mafunzo kazini. Chuo kinachojivunia jambo hilo hutaja majina upesi: mabwawa ya KenGen, mashirika ya barabara, kampuni za maji, viwanda. Chuo kinachosema "wanajitafutia" kimesema ukweli wake pia.

Mafunzo hayo si jambo dogo kwa eneo hili. Mto Tana, unaopita mpakani mwa Embu, umezibwa kwa mabwawa matano ya umeme, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere 1988. Katikati yake wako Kamburu, Gitaru na Masinga. Vijana wengi wa Mbeere wamekulia wakitazama nyaya za umeme zikipita juu ya paa za nyumba zao kwenda Nairobi. Mwanafunzi wa umeme aliyekaa miezi mitatu ndani ya kituo kama hicho hujifunza mambo ambayo ubao hauwezi kuyaonyesha. Kuomba nafasi hizo mapema, kabla ya muhula kufungwa, ni kazi yake mwenyewe.

Waliokosa C+ ya wastani, ambayo ndiyo lango la shahada, au waliopata C+ lakini masomo ya uhandisi yakawaangusha, wasiende nyumbani sasa hivi. Chuo cha kitaifa cha ufundi cha Meru kina diploma za uhandisi, na wapo waliopitia njia hiyo wakaendelea hadi shahada. Njia ni ndefu, lakini humpa mtu ufundi mikononi tangu mwaka wa kwanza, na anaweza kuajiriwa akiwa njiani. Anayekusudia kufika shahada na hatimaye usajili aiulize bodi inayohusika mapema, kwa maandishi, na aitunze barua ya majibu.

Jambo la mwisho ni kwa yule ambaye ameshapangiwa kozi na sasa, baada ya kusikia haya, amebadili rangi. KUCCPS hufungua dirisha la kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine au kozi moja hadi nyingine. Hufunguliwa kwa muda mfupi na huwa na masharti: alama za mwombaji zifikie zile za kozi anayoitaka mwaka huo, na chuo kinachompokea kiwe na nafasi na kikubali. Maombi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe kwenye akaunti yake ya KUCCPS, kwa nambari yake ya mtihani. Asimpe mtu wa sibakafe nywila yake akaondoka kwenda kunywa chai. Akae pale pale, asome nambari ya kozi kwa sauti mara mbili, aone herufi ni BSc au BTech, kisha abonyeze.